Luku moja milango minne, na mvua iliyomchezea shere mama wa dagaa

Karibuni tena kibarazani. Barua za mwezi huu nusu yake ni ugomvi wa luku, zile mita za umeme wa kulipia kabla, wala sikushangaa, manake hapa Mwanza ukiona wapangaji wa nyumba moja wamenuniana na hakuna kuku aliyeibiwa, we uliza luku tu. Nimechukua moja ya luku, moja ya dagaa, na ya tatu fupi imetoka Ukerewe. Zingine subirini, msinipigie simu usiku.

Shikamoo fundi. Tuko Mabatini, nyumba moja milango minne, luku moja. Kila mlango unachanga elfu 10 kwa mwezi. Mimi nina taa moja, redio ndogo na chaji ya simu basi, ila jirani ana friji anauza barafu na juisi na yeye anatoa elfu 10 hiyo hiyo. Alafu kila mwanzo wa mwezi umeme unakuja pungufu, tunaambiwa ni kodi ya jengo, mwenye nyumba anasema hiyo ya serikali haimuhusu. Juzi tumegombana mpaka mjumbe kaitwa. Nani yuko sahihi? Na je tukinunua zile mita ndogo za dukani itasaidia? – Mpangaji, Mabatini

Marahaba mdogo wangu. Tuanze na jepesi. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, jina lenyewe linasema. Serikali ilianza kuikata kwenye luku Agosti 2021, ikaanza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, Julai 2023 ikapanda ikawa 1,500, na za ghorofa zina bei yake. Luku ni mlango wa kukusanyia tu kwasababu walishachoka kuwafuata wenye nyumba mmoja mmoja, sasa anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi ndo anakatwa, na anayenunua ni wewe. Kwahiyo zile meseji za luku usizifute, mwisho wa mwaka ni elfu 18, unaenda nazo kwa baba mwenye nyumba kwa adabu unamwambia mzee hii naomba tuitoe kwenye kodi ya pango. Akikataa basi amekataa, ila asiseme haimuhusu.

Lakini nikwambie ukweli, hiyo 1,500 mkigawana wanne ni shilingi 375 kila mtu. Mmemuita mjumbe kwa 375! Hela yenu haipotelei hapo kabisa.

Chukua simu, fungua meseji ya mwisho ya luku. Acha zile tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita, shuka chini usome makato. Ukinunua ya elfu 10 siku ya kawaida unapata uniti 28, sindio? Kila mtu mjini anaijua hiyo 28 kama anavyojua bei ya sukari. Inatoka hivi, uniti ni shilingi 292, weka VAT asilimia 18, REA (ya umeme vijijini) 3, EWURA (wasimamizi wa nishati na maji) 1, inafika kama 356. Sasa kuna kundi lingine la watumiaji wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti yao ni 100, na makato yale yale inafika 122. Ndo wale unasikia kanunua uniti 75 kwa 9,150 unadhani ana mjomba kwenye shirika la umeme.

Hapo sasa ndo pananiuma. Nyie mnachanga elfu 40, toa 1,500 inabaki 38,500, gawanya kwa 356 mnapata uniti 108 hivi. Watu wa milango minne mnatumia 108, yaani wastani wa 27 kwa mlango. Kila mmoja wenu ni mtumiaji mdogo kabisa, mngekuwa na luku nne na zote ziko kwenye lile kundi la chini mngelipa 13,176 nyumba nzima. Mnalipa zaidi ya elfu 25 ya ziada kila mwezi, si kwasababu mnatumia sana, ni kwasababu mnatumia mita moja. Bei nafuu inaangalia mita, haiangalii watu. Mtu mmoja mwenye nyumba yake kule juu mlimani anatumia 60 peke yake anauziwa 122, nyie mliobanana chumba kimoja kimoja na watoto mnauziwa 356. Mimi kwenye hili sina upande wa katikati, hii bei imewekwa kumsaidia maskini na imempita maskini ikaenda kwa jirani yake.

Najua kuna atakayesema fundi si waombe luku zao. Sawa, tangu Januari 2022 kuunganishiwa mjini kulipanda kutoka elfu 27 mpaka 320,960, na hapo nguzo iwe karibu. Luku tatu za nyongeza ni laki tisa na sitini na ushee, kwa akiba ya elfu 25 kwa mwezi ni miaka mitatu na zaidi ndo hela inarudi, mpangaji gani ataweka laki tatu kwenye ukuta wa mtu alafu mwezi wa sita aambiwe hama mwanangu anaoa? Na mwenye nyumba naye hana haraka ya kuorodhesha wapangaji wake serikalini, kuna kodi ya zuio ya pango asilimia 10 hapo, anajua ukishaandika una wapangaji wanne karatasi haziishii dirisha moja. Kwahiyo kila mtu ananyamaza na nyie mnagombania 375. Wanaopanga bei waangalie kaya, wenyeviti wa mitaa wanajua nani analala wapi, hiyo kazi inawezekana kabisa. Wataniambia watu watadanganya. Watadanganya, ndio, kwani sasa hivi hawadanganyi?

Turudi kwa jirani wa barafu, hapo una haki. Taa yako ya wati 7 ukiiwasha masaa sita kila siku, na simu, na redio, mwezi mzima hufiki uniti 2. Hiyo ni kama shilingi 700, we unatoa elfu 10. Friji ya kawaida inakula uniti moja na kidogo kwa siku, ya kugandisha barafu za biashara inazidi, weka 36 kwa mwezi ni karibu elfu 13, kwahiyo mchango wake hautoshi hata friji yake mwenyewe, bado pasi. Usiende kumtukana lakini, hajui. Fanyeni hivi: kubalianeni usiku mmoja, soma namba kwenye mita saa nne usiku, soma tena saa kumi na moja alfajiri, friji ikiwa inawaka. Usiku wa pili friji ichomolewe (barafu haziyeyuki usiku mmoja kama hamfungui mlango), soma tena. Tofauti ndo friji. Mtu akiiona namba kwa macho yake ananyamaza mwenyewe.

Mita ndogo nunueni, zinagawa vizuri, kila mtu anaona chake. Ila hazishushi bei, bado mtabaki kwenye 356. Na taa ya nje mkubaliane mapema inasoma kwa nani, mi nimeshaona nyumba imegawanyika kwasababu ya taa ya choo.

Fundi habari za kazi. Mimi naanika dagaa mwaloni Kirumba. Jumanne simu imesema mvua asilimia 40, nikafunika na turubai, jua limewaka mpaka jioni, dagaa wangu wakaanza kunuka nikauza kwa kushusha elfu 10. Jumatano ikasema 20 nikaanika vizuri, saa nane mchana imeshuka mvua ya mawe, dagaa wote wakawa wa chakula cha kuku, hasara elfu 40. Hawa watu wanatudanganya? Si bora turudi kwa wazee waliokuwa wanaangalia upepo? – Mama wa Dagaa

Pole sana mayu. Harufu ya dagaa waliolowana naijua, ukipita mwaloni siku hiyo hata paka anageuza.

Asilimia 40 haimaanishi itanyesha, wala haimaanishi itanyesha kidogo, wala asilimia 40 ya Kirumba ndo italowa. Inamaanisha ukikusanya siku 10 zenye hali kama ile Jumanne, nne zitanyesha na sita hazinyeshi. Jumanne ulikuwa kwenye zile sita, Jumatano ukaangukia kwenye mbili za kumi. Kumpima mtabiri kwa siku mbili ni sawa na kumpima mwanafunzi kwa swali moja. Chukua daftari, andika mwezi mzima simu ilisemaje na juu kulitokea nini, alafu hesabu zile siku za 20 zote ni ngapi zilinyesha. Zikiwa kama mbili kwenye kumi huyo anasema kweli. Zikiwa sita, mfute kwenye simu.

Na ziwa letu hili ni gumu. Mchana nchi kavu inapata moto haraka, hewa inapanda huku na upepo unatoka ziwani, mawingu yanajengeka juu ya nchi kavu mchana na jioni. Usiku nchi inapoa, maji yanabaki na joto lake, upepo unageuka unatoka kila pembe kwenda ziwani, unakutana katikati huko ndo radi unazoziona mbali usiku wavuvi wakiwa ndani. Alafu upepo wa juu unasukuma kutoka mashariki kwenda magharibi, ndo maana Bukoba wanapata kama milimita 2,000 kwa mwaka na sisi kama nusu yake, ziwa ni lile lile. Sasa modeli nzuri ya Wazungu, yaani hesabu ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa, inagawa dunia kwenye visanduku vya kilomita kama 9 kwa 9, Kirumba na katikati ya mji vinaweza kuwa kisanduku kimoja, na wote tunajua Mwanza mvua inanyesha upande mmoja wa jiwe upande wa pili watu wanafua.

Kuna Mmarekani Edward Lorenz, 1961 alikuwa anaendesha hali ya hewa ya kwenye kompyuta, akataka kurudia hesabu, badala ya kuingiza 0.506127 akaingiza 0.506 kama ilivyochapwa kwenye karatasi, akaenda zake kunywa kahawa. Aliporudi hali ya hewa ilikuwa nyingine kabisa. Tarakimu tatu za mwisho tu hizo mayu. Ndo maana wanakupa asilimia, anayekupa ndio au hapana ya wiki ijayo huyo ndo anakudanganya.

Sasa sikiliza hesabu yako wewe. Kufunika bure kumekula elfu 10. Kulowa kumekula elfu 40. Gawanya 10 kwa 40, ni robo, asilimia 25. Kwa biashara yako, mvua ikizidi 25 funika, ikiwa chini anika. Jumanne ilikuwa 40 ukafunika, sawa. Jumatano 20 ukaanika, sawa pia. Siku zote mbili uliamua vizuri ukapata vibaya, inatokea, usibadilishe akili kwasababu ya hizo mbili. Anayeanika magunia kumi mwenye watu wa kufunika ana namba yake nyingine, asikufundishe.

Na wazee usiwaache. Mzee anayenusa upepo umegeuka saa saba mchana anakupa nusu saa ambayo simu haina. Rada ya mvua tunayo hapa hapa Mwanza, Kiseke, na yenyewe inaona matone yaliyoshatengenezeka angani, haioni mvua ya kesho, kwahiyo kazi yake na ya mzee zinafanana kuliko watu wanavyodhani. Kinachonikera ni kwamba picha ya rada ingekuwa inafika kwa mama anayeanika kila dakika kumi, hata kwa meseji ya kawaida kwa wenye simu za tochi, wewe ungekuwa umeshafunika. Mpaka siku hiyo, anika kwenye kichanja sio chini kwenye mchanga, turubai likunjwe pembeni tayari, na kijana mmoja asikae mbali akicheza bao.

Fundi, huku Ukerewe wazee wanasema taa za sola zinafukuza dagaa, karabai ndo yenyewe. Kweli? – Mvuvi

Dagaa anafuata mwanga, hajui umetoka kwenye mafuta ya taa au betri, ndo maana usiku wa mbalamwezi wote mnalala, mwezi umeshamwaga mwanga ziwa zima taa yenu haionekani kitu. Ninachohisi ni kwamba mnalinganisha karabai iliyopampiwa vizuri na sola ya bei chee iliyochajiwa siku ya mawingu, ikifika saa tisa usiku ni njano. Wekeni mbili usiku mmoja, mbali mbali, mhesabu ndoo, mrudie siku kadhaa kabla ya kusema. Mimi kwa wasiwasi wa karabai kumwaga mafuta mtumbwini na soksi kupasuka kila wimbi ningebaki na sola. Ila zile betri za asidi zikifa msitupe majini, ndani kuna madini ya risasi, sumu hiyo, na hayo maji ndo mnayochota ya ugali. Pandisheni nazo kwenye meli mkija mjini, wanunua skrepa wanazipima kwa kilo.

Wabeja, asanteni. Mwezi ujao naanza na yule wa Buhongwa anayesema laini yake ya simu imesajiliwa kwa kidole cha mkwewe.