Mwanafunzi Anaposema Haamini Tena

SWALI: Mimi ni mwalimu Mkristo, nafundisha sekondari. Wanafunzi wangu wengi wamekata tamaa, na baadhi wanasema wazi kwamba hawaamini tena kama Mungu yupo. Binti mmoja ameniambia haoni sababu ya kuendelea kuishi, akaniomba nisimwambie mtu. Walimu wenzangu wanasema hawa ni waasi, watolewe kwenye kikundi cha maombi wasije wakawaharibu wengine. Nifanye nini?

JIBU: Mwalimu, nianze na huyo binti, maana mengine yanaweza kusubiri. Siri hiyo usiitunze. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mweleze kwa upole kwamba utawashirikisha watu wa kumsaidia, kisha leo hii mfikie mzazi au mlezi, na daktari au mshauri. Kama nyumbani ndiko anakoumizwa, tafuta mtu mzima mwingine anayemwamini. Asiachwe peke yake. Wala mtu asikuambie kwamba kumpeleka kwa daktari ni kukosa imani. Eliya alipoomba afe, Mungu hakumkemea. Malaika alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Mazungumzo ya Mungu naye katika mlima wa Horebu yalikuja baadaye.

Sasa hao wenzako. Najua andiko wanalolishika: “Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu.” Waisome Zaburi ya 14 yote. Mstari wa nne unawataja watu hao kuwa ni wale “walao watu wangu kama walavyo mkate.” Ni wadhalimu wanaoishi kana kwamba hawataulizwa neno. Kulichukua andiko hilo na kumpiga nalo mtoto anayelia usiku kwa sababu haoni kesho yake ni kulitumia vibaya Neno la Mungu, nami nalisema hilo bila kumung'unya.

Yohana Mbatizaji, aliyemtangaza Kristo mbele ya umati, akiwa gerezani alituma watu waulize: “Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?” Yesu alimjibu kwa kumwonyesha yanayotendeka, na wajumbe walipoondoka akamsifu mbele ya watu wote. Rafiki zake Ayubu walimtetea Mungu kwa maneno mengi, na ni wao aliowakasirikia. Yuda naye, yule mwandishi wa Waraka wa Yuda, anaagiza: “Wahurumieni wengine walio na shaka.” Anayetaka kuwatenga atuonyeshe agizo lake limeandikwa wapi.

Sisemi kutokuamini ni jambo dogo. Lakini wengi wa vijana hawa hawakufika hapo kwa kusoma hoja za wakanamungu. Waliomba mama apone, akafa. Walimwona mzee wa kanisa akiheshimiwa madhabahuni na kuogopwa nyumbani. Wanauliza kama kuna kazi itakayowangoja baada ya shule, wanajibiwa “mwamini Mungu tu,” na mazungumzo yanaishia hapo. Kwa hiyo sikiliza kabla ya kufundisha. Swali usilolijua, sema hulijui, mlitafute pamoja. Someni Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila neno la faraja, wajue kwamba hata maneno kama hayo ni sala. Yule baba katika Marko 9 alisema, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu,” na mwanawe akaponywa siku ile ile.

Wakitolewa kwenye kikundi, usiwaache. Kaa nao saa nyingine, hata wakiwa wawili. Nawe tafuta mtu wa kukusikiliza, maana mzigo huu hukupewa uubebe peke yako. Ukishamfikisha huyo binti kwa watu wa kumsaidia, niandikie tena nijue anaendeleaje.