Maswali ya Wasomaji: Marekani Ilivyobadilika Katika Karne ya 20

Swali: Husemwa kwamba jamii ya Marekani ilibadilishwa na vuguvugu la miaka ya 1960. Je, ndivyo?

Jibu: Miaka hiyo ina uzito wake, ila mimi huanzia mapema zaidi, kwenye vituo vya reli vya Kusini. Kati ya mwaka 1910 na 1970, Wamarekani Weusi wapatao milioni 6 waliyahama majimbo ya Kusini, wakikimbia mauaji ya kikatili, ujira duni wa mashamba ya pamba na sheria za ubaguzi, wakaelekea Chicago, Detroit, New York na kwingineko. Gazeti la Chicago Defender, lililoanzishwa na Robert Abbott mwaka 1905, liliwahimiza waondoke. Na kwa kuwa wakubwa wa Kusini walilipiga vita, wahudumu Weusi wa treni walilisafirisha wenyewe, likafika hadi miji midogo na kusomwa kwa sauti kwa vinyozi na makanisani, ili hata asiyejua kusoma apate habari za ajira. Aliyenyimwa kura Mississippi aliipata Chicago, na mwaka 1928 kura hizo zilimpeleka Oscar De Priest kwenye Bunge la Washington, akiwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kutoka Kaskazini. Haki zilizodaiwa baadaye barabarani zilikuwa tayari na watetezi waliopigiwa kura.

Swali: Mbona basi pengo la mali kati ya familia nyeupe na nyeusi ni kubwa hadi leo?

Jibu: Sababu ni nyingi, lakini ninayoipa uzito zaidi ni nyumba. Serikali ilianza kudhamini mikopo ya nyumba mwaka 1934, na sheria ya mwaka 1944 ikawaongezea askari waliorejea kutoka vitani dhamana yao pamoja na gharama za masomo. Huko Levittown, New York, kuanzia mwaka 1947, zaidi ya nyumba 17,000 zilijengwa palipokuwa mashamba ya viazi, na mikataba ya mwanzo ilikataza mtu asiye mweupe kuishi humo, isipokuwa mtumishi wa ndani. Askari Mweusi aliyepigana vita vilevile alifungiwa mlango, huku nyumba ya mwenzake ikipanda thamani na kurithiwa. Sheria ya kuzuia ubaguzi huo ilitiwa saini Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa; kufikia hapo, watoto wa wanunuzi wa kwanza walikuwa wameshakuwa watu wazima.

Swali: Na wanawake je?

Jibu: Hapa ningetazama benki kabla ya maandamano. Wakopeshaji wengi walimtaka mwanamke aliyeolewa alete sahihi ya mumewe ndipo apewe mkopo, hata kama mshahara ni wake. Asiyeweza kukopa kwa jina lake alikuwa na njia chache za kutoka katika ndoa ya mateso. Sheria ya Oktoba 1974 ndiyo iliyokataza ubaguzi huo nchi nzima.