Pauni 1,000 za Alf Common zilikwenda kwa nani?

SWALI: Mhariri, salaam. Hapa kijiweni kwetu, jirani na uwanja wa CCM Kirumba, ubishi haujaisha. Mwenzetu anasema mchezaji wa kwanza kuuzwa pauni 1,000 alikuwa Mwingereza Alf Common, na kwamba alitajirika. Mimi nakataa hilo la utajiri. Tuamulie.
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, jina amepatia yeye, la utajiri umepatia wewe.

Februari 1905 Middlesbrough walikuwa hatarini kushuka daraja, na ushindi wa ugenini walikuwa hawajauona kwa karibu miaka miwili. Wakawalipa Sunderland pauni 1,000 wampate Common, mshambuliaji wa nguvu. Kiangazi cha 1904 tu Sunderland walikuwa wamemnunua kutoka Sheffield United kwa pauni 520, na ndani ya bei hiyo walipewa na kipa wa akiba. Mechi yake ya kwanza, Februari 25, ilikuwa huko huko Sheffield United: akafunga penalti, wakashinda 1-0. Msimu ulipoisha walikuwa wamebaki daraja la kwanza, kwa hiyo klabu haikula hasara.

Sasa fuata pesa. Zote 1,000 ziliingia Sunderland. Tangu 1901 chama cha soka kilikuwa kimeweka kikomo cha mshahara: pauni 4 kwa wiki, na cha kusaini kisizidi pauni 10. Piga hesabu: Common angefanya kazi wiki 250, karibu miaka mitano, ndipo afikie bei aliyouzwa.

Kilichomfunga mchezaji ni usajili, zaidi ya mkataba. Mkataba wenyewe ulikuwa wa msimu mmoja, lakini ukiisha, klabu ilikuwa na haki ya kumzuia. Akikataa masharti, anakaa nyumbani bila mshahara, na hakuna timu nyingine ya ligi inayoweza kumsajili. Mwaka 1912 Harry Kingaby aliishtaki Aston Villa kwa jambo hilo, akashindwa. Kikomo cha mshahara kiliondolewa 1961, na mahakama ikauvunja utaratibu wa kuzuia wachezaji 1963, katika kesi ya George Eastham. Ni dhuluma iliyodumu mno.

Common alipita Woolwich Arsenal na Preston North End, akaacha mpira 1914. Baada ya hapo aliendesha baa mjini Darlington hadi 1943, akiwa na miaka 63. Tajiri hafungui baa mpaka umri huo.

SWALI: Mdogo wangu anataka kusaini mkataba wa timu. Aangalie nini?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Atafute kwanza tarehe ya mwisho. Kwa kanuni za FIFA, mkataba ukibakiza miezi sita anaruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine. Kisha atafute kipengele kinachoipa klabu peke yake uwezo wa kuongeza muda. Hicho ndicho kinachofanana na kamba ya akina Common. Kikiwepo, aombe kiondolewe au kidai saini yake pia. Na asiondoke mezani bila nakala yenye saini za pande zote mbili.