Kwa nini Slowdive walisifiwa na Pixies wakalaumiwa

Ndugu yangu wa Nakuru, umeuliza kwa nini wahakiki waliisifu albamu ya Slowdive, bendi ya roki ya Uingereza, ya mwaka 2017 ilhali ile ya Pixies, bendi ya roki ya Marekani, ya 2014, Indie Cindy, wengi wao waliipokea shingo upande, na unashuku kwamba ni upendeleo tu. Kwa maoni yangu, tofauti imo katika muziki wenyewe. Bendi zote mbili zilikuwa zimekaa miaka mingi bila kutoa albamu. Pixies walirudi kurekodi albamu bila Kim Deal, ambaye besi na sauti yake vilizipa nyimbo zao za awali mvutano wake, na pengo hilo linasikika. Slowdive walirudi na wanamuziki walewale waliorekodi albamu yao Souvlaki ya 1993, wakaanza kwa kupiga jukwaani mwaka 2014, na albamu ikafuata miaka mitatu baadaye, bila haraka. Ikumbukwe pia kwamba magazeti ya muziki ya Uingereza yaliwakejeli vikali walipokuwa vijana, kwa hiyo sifa za 2017 zilikuwa kwa kiasi fulani deni lililolipwa kwa kuchelewa, nami naliona jambo hilo kuwa la haki kabisa.

Sisi tuliolelewa Kisumu kwa benga tumezoea kuyasikiliza magitaa yakijibizana kabla ya kumngoja mwimbaji. Usikilize hivyo wimbo wa kwanza wa albamu hiyo ya Slowdive, Slomo, wa takriban dakika saba, ambamo magitaa hutangulia kwa muda mrefu ndipo sauti za Neil Halstead na Rachel Goswell ziingie. Anza na huo, kisha uwasome tena wahakiki.