Kusimulia uvamizi kikaoni: si lazima, wala haishauriwi

Majambazi wakivamia mahali pa kazi, je, meneja awakalishe wafanyakazi wote siku hiyohiyo na kumtaka kila mmoja asimulie walivyovamiwa? Hapana. Shirika la Afya Duniani (WHO) halishauri kikao cha namna hiyo: tafiti hazikuonyesha kwamba kinazuia madhara ya kiwewe, na katika utafiti mmojawapo waliohudhuria walikuwa na hali mbaya zaidi. Mwongozo wake wa 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia unasema angalia, sikiliza, unganisha. Yaani keshia aliyeelekezewa bunduki aondolewe pale dirishani, apewe maji, aulizwe anahitaji nini sasa hivi, apigiwe simu nyumbani, apate wa kumsindikiza. Akitaka kuongea, msikilize. Akinyamaza mwache, na kunyamaza kwake kusiandikwe popote kama ukaidi. Hilo wakubwa wengi hulisahau, na kusahau huko huweza kuwafanya watu waogope kusema ukweli kazini.

Maelezo kwa polisi ni jambo jingine, hayo atatoa. Na kama mwezi umepita bado hapati usingizi au anaikwepa kaunta, apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili.