Maswali yenu: "Ningekuwa na chenji" kwa Kihispania

SWALI: Dada mambo, mi nauza vinyago pale Mwenge, Kihispania najifunza kwa simu tu maana Wahispania wanakuja kuja. Juzi mmama kanipa noti kubwa sina chenji nikamwambia "Si tendría cambio, se lo daría", akacheka, akanirekebisha fasta sijashika kitu. Nimekosea wapi wakati ni "ningekuwa na chenji ningekupa", nge na nge? Na "pole na safari" wanasemaje?
Muuza Vinyago, Mwenge

JIBU: Poa kaka. Umekosea kwa sababu umefikiria Kiswahili, sisi nge tunaibandika kotekote, basi na wewe -ría ukaitupia pande zote mbili. Wenzetu upande wenye "si" (yaani "kama") hawaitaki kabisa hiyo, pale inakaa tuviera, -ría inabaki upande wa pili: "Si tuviera cambio, se lo daría". Tamka tubyera, v yao ni b tu. Na usione aibu, kaskazini mwa Hispania huko Burgos na kwa Wabaski kuna wazawa kabisa wanasema "si tendría" kama wewe na walimu wanawapigia kelele.

Sasa ukitaka "ungekuja jana ningekupunguzia", jana si imeshapita, sisi mtaani tunatumia nge ile ile (ngali tumewaachia watu wa mitihani) ila wao lazima wabadilishe: "Si hubiera venido ayer, le habría hecho un descuento". Na ile "ningejua" ya majuto ni mjukuu ndo "si lo hubiera sabido".

Ila kwa biashara yako mi ningeanza na -ki-, hiyo ndo inaleta hela. "Ukichukua viwili nakupunguzia" ni "Si se lleva dos, le hago un descuento", hamna tuviera hamna -ría, wakati uliopo tu basi, maana jambo lenyewe linawezekana hapo hapo mezani.

Pole haina mwenzake. "Lo siento" ni ya msibani au ya kuomba radhi, ukimwambia mtu katoka safari atabaki anajiuliza umemkosea nini. We muulize "¿Qué tal el viaje?" atafurahi.

Na chenji kaka, asubuhi kabla hujafungua pita kwa wakala wa pesa hapo jirani akuvunjie.