Anti, jirani yangu anapiga stori shoo nzima, nimfanyeje?

Wiki hii meseji zimejaa malalamiko ya konsati, sijui mmeambizana au vipi. Nimechagua nne, mbili nimezijibu kwa urefu kwa sababu zinastahili.

SWALI: Shikamoo anti. Nimedunduliza hela miezi minne ya kwenda kumwona msanii niliyempenda tangu niko shule. Nikawahi, nikapata sehemu nzuri, mara nyuma yangu wakaja watu watatu wakaanza stori. Sio stori ndogo anti, nani kaolewa, nani kafukuzwa kazi, bosi kasema nini. Nikageuka nikawaangalia kama mara tatu hivi, wala hawakushtuka. Ule wimbo wa taratibu nilioufuata pale nimesikia nusu, nusu iliyobaki ni bosi wao. Mwisho nikalipuka nikawafokea, mmoja akanijibu "kama unataka kimya si ungebaki nyumbani usikilize kwenye simu", watu wakacheka, nikaondoka shoo haijaisha. Hadi leo nikikumbuka naumia. Nilikosea wapi? — Aliyesikia habari za bosi

Marahaba mwanangu, pole. Kukasirika hujakosea, ila ulichelewa kusema, na ulipokuja kusema ulishajaa mpaka pomoni.

Nianze na kitu ambacho wengi hawakijui. Mtu akiwa kwenye kelele sauti yake inapanda yenyewe bila yeye kukusudia, daktari mmoja Mfaransa wa masikio na koo, Étienne Lombard, alishaandika habari hizi mwaka 1911. Sasa fikiria, maongezi ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), bendi ikikolea inafika 100 na kuzidi, kwa hiyo hao watatu walikuwa wanapigiana kelele masikioni na kwao wao hayo yalikuwa maongezi tu. Ongeza na hili, ukikaa karibu na spika kwa saa nzima masikio yanakufa ganzi kidogo, ndo maana ukitoka konsati unaongea kwa kupayuka bila kujijua. Wimbo wa taratibu ukaingia ghafla, msanii kashuka, wao bado wako kule juu. Simtetei mtu hapa. Nachosema ni kwamba uwezekano mkubwa hawakujua kama unawasikia, na wewe ulikuwa umeshawahukumu zamani kwamba wanakufanyia makusudi.

Na kuwaangalia hakusaidii kitu. Kule ndani kuna giza, mataa yote yako stejini, ukigeuka wanadhani unamtafuta rafiki yako aliyeenda chooni.

Ungefanya hivi. Mapema, stori ikiwa ndo kwanza imeanza na wewe bado una roho nyeupe, subiri wimbo uishe watu wakipiga makofi, msogelee MMOJA wao. Wala usimchague yule mwongeaji, mchague anayesikiliza. Kila kundi lina mmoja aliyeshikiliwa na stori asiyoitaka, macho yake yako stejini kichwa kinaitikia tu, huyo ndo mwenzako, na akimgeukia mwongeaji akamwambia "oya hebu tusikilize kidogo" inaingia kuliko ukisema wewe. Mwambie kwa tabasamu, "samahani kaka, kuna wimbo naungoja sana, naomba mnipe nafasi ukiingia". Omba wimbo mmoja, usiombe usiku mzima, maana ukimwomba mtu kidogo anaona aibu kukunyima na mara nyingi wakishanyamaza huo mmoja wanasahau stori ilipofikia. Usimshike bega kama humjui. Na yale ya "nyie watu mbona hamna adabu" yaache kabisa, mtu ukimvunjia heshima mbele ya wenzake atajitetea hata kama anajua kakosa, na ndicho kilichokukuta.

Wakikataa usirudie mara ya pili, hamia. Najua inauma, ulifika kwanza, ila heri nusu shari, na kwenye sauti kuhama kuna faida kubwa kuliko unavyodhani. Mtu aliye mita moja toka sikio lako, ukisogea mpaka mita mbili sauti yake inashuka kama desibeli 6, ukifika mita nne zimeshuka 12, wakati spika za stejini ziko mbali kwa hiyo hatua zako tatu hazibadilishi chochote kwenye muziki. Unapoteza jirani hupotezi muziki. Na kama unauliza uhamie wapi, nenda karibu na fundi mitambo, yule mwenye meza ya vitufe vingi katikati ya ukumbi. Yeye anachanganya sauti kwa kuisikia kutoka pale pale alipo, kwa hiyo pale ndo muziki unakaa sawa, na wanaosimama pale wengi wamekuja kusikiliza. Wapiga stori utawakuta karibu na baa, milangoni, na njia ya kwenda chooni. Kama shoo ni ya viti muite mhudumu wa ukumbi, ndo kazi yake, usigombane mwenyewe.

Sasa huyo aliyekwambia ubaki nyumbani. Ana robo ya haki, nampa robo. Kimya cha ukumbini hakikushuka toka mbinguni, Ulaya miaka ya 1700 watu walikuwa wanaingia opera wanacheza karata, wanakula na kupiga soga, na Mozart, yule mtunzi wa muziki, mwaka 1778 akiwa Paris alimwandikia baba yake kwa furaha kabisa kwamba watu wamepiga makofi katikati ya simfoni yake. Kwa hiyo inategemea shoo. Kama ni ya kuruka na kucheza, ukidai kimya wewe ndo msumbufu. Lakini mtu kabaki peke yake na gitaa, taa zimepunguzwa, ukumbi mzima umetulia, halafu wewe unasimulia ya bosi? Hapana.

SWALI: Anti mambo, mimi ni mfupi. Jamaa wa mbele yangu alinyoosha simu juu kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, nimemwona msanii kwenye kioo chake tu. Nina haki ya kumwambia kitu? — Mfupi

Unayo. Na hauko peke yako, wasanii wenyewe wamechoka. Kate Bush aliporudi jukwaani London mwaka 2014 aliwaomba mashabiki mapema wasitumie simu, Adele akiwa Verona mwaka 2016 alimsimamisha mtu aliyekuja na kamera yenye miguu mitatu akamwambia yeye yuko pale mwenyewe laivu, Jack White mwaka 2018 kwenye ziara yake simu zikawa zinafungiwa kwenye vifuko mpaka unatoka. Mpiga piano Krystian Zimerman yeye alimwona mtu anamrekodi kule Essen, Ujerumani, mwaka 2013, akainuka akatoka stejini.

Wewe usimwambie aache. Mwambie "kaka naomba uishushe usawa wa uso wako, mimi mfupi sioni". Hiyo anaielewa kwa sababu ni hesabu ya urefu, haimgusi yeye kama mtu, na video yake anaendelea nayo. Wimbo mmoja wa kumbukumbu mimi sina neno, hata mimi narekodi, sijawahi kuziangalia tena lakini narekodi. Ila wanaowasha tochi ya simu wakiwa safu ya arobaini sijui wanatafuta nini, ule mwanga unafika migongo ya watu wa mbele basi.

SWALI: Anti, mimi ni msichana nilisimama mbele kabisa. Watu walikuwa wanasukuma, chupa zinarushwa, halafu kuna mtu nyuma yangu mkono wake ukawa unatembea mwilini mwangu. Nikanyamaza kwa sababu niliogopa nitaonekana nimekuja kuharibu raha za watu. — Nimenyamaza

Mwanangu hilo usiliweke kapu moja na wapiga stori. Huyo hana ustaarabu wa kukumbushwa, huyo anakufanyia kosa, na kubembeleza hapo hakuna. Geuka useme kwa nguvu, tena utaje nguo: "wewe mwenye shati jekundu toa mkono wako!" Ukitaja nguo watu wanageuka wanajua nani, kujificha hawezi. Halafu nenda kwa baunsa aliye karibu na kizuizi, mwonyeshe. Nguvu zikikuisha za kupaza sauti, mshike dada yeyote jirani umwambie sikioni, utashangaa wanavyojipanga haraka. Na kama ulinyamaza siku ile, kosa bado ni la mwenye mkono.

Kurusha vitu nako sio utani. Juni 2023 Bebe Rexha alipigwa na simu usoni akiwa anaimba New York, akashonwa nyuzi, na aliyerusha akakamatwa na polisi.

Kusukuma ndo kunanitisha zaidi. Roskilde, Denmark, mwaka 2000 watu 9 walikufa mbele ya steji kwa kubanwa, Houston Novemba 2021 wakafa 10. Wengi hawakanyagwi jamani, wanakosa pumzi wakiwa wamesimama. Kwa hiyo dalili usiyotakiwa kuipuuza ni hii: ukiona huwezi kuinua mikono yako usoni, au umati unakupeleka bila miguu yako kuamua, toka hata kama wimbo unaoupenda ndo umeanza. Weka mikono mbele ya kifua kama bondia ili mbavu zipate nafasi ya kupumua, usishindane na wimbi, likitulia sogea kwa mshazari kuelekea pembeni, hatua mbili mbili. Kitu kikidondoka kiache, usiiname. Na ukiwa pale mbele kabisa kwenye kizuizi, wapungie mabaunsa, watakunyanyua wakupitishe upande wa pili, wamezoea.

SWALI: Anti mimi ndo yule anayeimba kwa sauti shoo nzima. Mpenzi wangu anasema namtia aibu. Si nimelipa? — Sauti

Hahaha. Umelipa, na aliye pembeni yako kalipa pia, tena kamlipia msanii. Viitikio imba, msanii akinyoosha maiki kwa watu imba mpaka sauti ikauke. Beti za taratibu mwachie mwenyewe, au imba kwa midomo tu. Ila zile "ooh" unazoongeza mwisho wa kila mstari, ambazo mpenzi wako kanitumia klipu yake nimezisikia kwa masikio yangu, hizo mwanangu acha.